Nyumba ya Kukokota kwa Mtu na Mkewe

Huko Marekani kuna jambo ambalo mgeni atokaye pwani yetu hulistaajabia kwanza, kisha akalizoea, na baadaye huenda naye likamwingia moyoni. Mtu na mkewe, watoto wamekwisha kuoa na kuolewa, kazi wameiacha, hununua kijumba chenye magurudumu mawili, wakakifunga nyuma ya gari na kushika njia. Leo wako mlimani, kesho wako ukingoni mwa ziwa. Hawadaiwi pesa za hoteli wala hawalalii godoro alilolilalia mtu mwingine jana. Wenyewe hukiita trela la safari. Waingereza hukiita karavani, neno ambalo asili yake ni Kiajemi na maana yake ni msafara.

Msafara kwetu si jambo geni. Wazee walioondoka Mombasa, Pangani na Bagamoyo kwenda bara walichukua nyumba zao vichwani mwa wapagazi, yaani mahema, na mzigo wa mpagazi ulipimwa kwa frasila. Frasila moja ni ratili 35, kilo 16 hivi, na mpagazi mmoja alichukua zipatazo mbili. Aliyezidisha alijua kwamba mzigo utatuliwa njiani na mchukuzi atatoweka porini. Msomaji ayashike hayo, maana habari ya leo, hata ikipambwa kwa mapazia na mito ya sufi, ni habari ya uzito.

Wala mtu asidhani matrela haya hayakupata kufika kwetu. Mwaka 1959 Mmarekani mmoja, Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream itengenezayo matrela ya alumini yanayong'aa kama nguru aliyetoka majini sasa hivi, aliongoza msafara wa matrela 41 kutoka Cape Town kwenda Cairo. Wengi wa waliomfuata walikuwa watu wazima, mume na mke waliokwisha kustaafu. Walipita Kenya nayo ikiwa bado chini ya Waingereza, wakaingia Ethiopia ambako Mfalme Haile Selassie aliwapokea, na mwaka 1960 wakapiga picha na matrela yao mbele ya mapiramidi. Barabara za siku hizo, na wasomaji wetu wenye umri wanazikumbuka, hazikuwa na huruma. Springi zilikatika, ekseli zikapinda, na kila aliyekuja na nyumba kubwa alijutia ukubwa wake kwenye matope.

Mwaka 1961 kampuni hiyo ikatoa trela dogo la futi 16, lisilofika ratili 2,000, likaitwa Bambi. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, jina hilo Byam alilipata Angola, kwa lugha ya Kiumbundu, na ni jina la mnyama mdogo wa jamii ya paa. Kiumbundu ni ndugu ya Kiswahili katika ukoo wa lugha za Kibantu, kwa hiyo trela dogo mashuhuri kuliko yote huko Marekani lina jina la kwetu Afrika, nao wengi wanaolikokota wakidhani ni yule mtoto wa kulungu wa filamu ya watoto.

Jina limebaki, lakini mnyama amenenepa. Bambi ya siku hizi ya futi 16 inakaribia ratili 3,000 kabla hujatia hata kijiko ndani. Imeongezwa bafu, mashine ya baridi, tangi kubwa na friji. Hilo ndilo tatizo la kwanza la mnunuzi wa leo: neno "dogo" na neno "jepesi" si ndugu tena. Utaona trela fupi lenye uzito wa ng'ombe watatu, na utaona jingine refu kidogo ambalo watu wawili wanaweza kulisukuma uani kwa mikono.

YAI, TONE NA SANDUKU

Kuna mzee mmoja na mkewe, asili yao Mombasa, ambao wameishi miaka mingi katika jimbo la Ohio. Sitawataja majina kwa kuwa hawakuniomba niwatangaze. Bwana alistaafu, bibi akastaafu baadaye, na akiba yao si ya kuchezewa. Waliposhauriana kununua trela, walijikuta mbele ya aina tatu, na nadhani kila mtu na mkewe watajikuta hapo hapo.

Aina ya kwanza ni lile lenye umbo la tone la maji. Lilianza miaka ya 1930, na baada ya vita vya pili vya dunia mafundi wa nyumbani walijitengenezea wenyewe kwa mbao na alumini. Ndani ni kitanda tu. Jiko liko nyuma, unainua mfuniko kama buti ya gari na kupika nje huku mgongo ukipigwa na jua au mvua. Ni jepesi mno, mengi hayafiki ratili 1,500, na hata gari dogo hulikokota. Bwana alilipenda papo hapo kwa sababu ya bei. Bibi akaingia ndani, akakaa kitako, akatoka.

"Bwana, humu mtu hawezi kusimama. Mvua ikinyesha, nitasali wapi?"

Swali hilo lilimaliza mashauri ya aina ya kwanza. Mimi naona alisema kweli, na hata asiyejali sala ajiulize atavaa nguo zake wapi siku ya tufani. Kijana wa miaka 25 huvaa suruali akiwa amelala chali na kucheka. Mtu wa miaka 65 mwenye magoti yanayolia hacheki.

Aina ya pili ni yai la faiba. Mkanada mmoja wa Winnipeg, Ray Olecko, ndiye aliyelianzisha mwaka 1968. Bwana huyo hapo kabla alikuwa amebuni tangi la maji machafu la faiba, akaona kwamba kama faiba yaweza kuzuia maji yasitoke, basi yaweza pia kuyazuia yasiingie. Akatengeneza nusu mbili kama vifuu vya nazi, kimoja cha chini na kimoja cha juu, akaviunganisha kiunoni. Likawa trela la futi 13 lisilofika ratili 1,000, akaliita Boler kwa kuwa lilifanana na kofia ya duara ya Waingereza. Kutokana na hilo likazaliwa Scamp la mji wa Backus, Minnesota, ambalo limetengenezwa tangu mwanzo wa miaka ya 1970, la futi 13 na la futi 16. Liko pia Casita la Texas. Casita kwa Kispania ni kijumba. Msomaji asije akatafsiri "nyumba ndogo" mbele ya mkewe, yakaanza mengine.

Aina ya tatu ni sanduku. Fremu ya mbao au alumini, kuta za mbao nyembamba zilizogandishwa, paa la mpira au plastiki. Haya ndiyo mengi zaidi sokoni, na mengi yatoka Indiana, pande za Elkhart. Nafasi ndani ni kubwa, dirisha kubwa, kitanda cha kudumu, na bei kwa futi moja ni nafuu kuliko yai. Ila lina viungo vingi, na watu wa pwani hawahitaji kufundishwa habari ya viungo. Jahazi lisilotiwa kalafati huvuja, na sanduku hili nalo kila pembe, kila dirisha na kila tundu la paa lina utomvu wa kuzuia maji unaokauka na kupasuka. Mwenyewe asipopanda juu kukagua angalau mara mbili kwa mwaka, maji huingia taratibu, ukuta ukaoza kwa ndani huku kwa nje ukimeremeta. Yai nalo huvuja, madirishani na kwenye misumari ya kubana, lakini ganda lake halina mbao nyingi za kuoza. Ndiyo sababu mayai ya miaka ya 1970 bado yako barabarani na hununuliwa kwa pesa nzuri.

MIZANI HAINA UPENDELEO

Sasa twende kwenye hesabu, hapo ndipo watu wengi huumia.

Gari la wazee wetu lilikuwa na ruhusa ya kukokota ratili 3,500, yaani kilo 1,588. Muuzaji mmoja aliwaonyesha sanduku zuri la futi 19, akawaambia likipakiwa litakuwa kilo 1,500, "bado mna nafasi." Bwana akafurahi. Bibi, ambaye alifanya kazi ya hesabu za duka kwa miaka yake yote, akafungua mlango wa dereva na kusoma karatasi iliyobandikwa pale. Kila gari la Marekani linayo. Inasema uzito wote wa watu na mizigo usizidi kiasi fulani, na kwa gari lao kiasi hicho kilikuwa ratili 900, kilo 408.

Trela la ekseli moja haliegemei magurudumu yake tu. Ulimi wake hulalia nyuma ya gari, na kwa matrela ya Kimarekani inatakiwa ulimi uchukue baina ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela. Uzito huo wa ulimi huhesabiwa kuwa mzigo wa gari. Bibi akaandika: sisi wawili kilo 160. Vitu vya nyuma ya gari, kilo 60. Chuma cha kukokotea, kilo 20. Ulimi wa trela la kilo 1,500, tukiuweka asilimia 12, kilo 180. Jumla 420. Wamezidi kwa kilo 12, na bado hawajampakia mjukuu hata mmoja. Kumbe gari laweza kuvuta kitu ambacho haliwezi kukibeba.

Akarudia hesabu kwa trela la kilo 1,000. Ulimi ukawa kilo 120, jumla 360. Hapo pumzi ikatoka.

Mtu atauliza, kwa nini basi tusipunguze uzito wa ulimi kwa kupakia vitu vyote nyuma ya trela? Muulize nahodha yeyote wa Lamu kitakachotokea chombo kikipakiwa tezi na omo kukaachwa kutupu. Trela lenye ulimi mwepesi huanza kutikisa mkia. Kwanza polepole, kisha lori likikupita kasi upepo wake hulisukuma, nalo likaanza kulivuta gari huku na huku mpaka dereva akapoteza usukani. Vitu vizito hukaa chini, karibu na ekseli au mbele yake kidogo, kama farumi iliyotulia ngamani. Baiskeli mbili zilizotungikwa nyuma kabisa zaweza kuharibu kazi yote hiyo.

Kuna na hila ya vitabu vya matangazo. Uzito unaochapishwa humo ni uzito mkavu, na mara nyingi haukuhesabu betri, gesi wala vitu vya ziada alivyoviagiza mnunuzi, seuze maji. Galoni moja ya Kimarekani ya maji ni kilo 3.8. Tangi la galoni 20 likijaa ni kilo 76, frasila zinakaribia tano, mizigo ya wapagazi wawili na zaidi. Mtungi wa gesi wa ratili 20 ukijaa una kilo 17 pamoja na chuma chake. Ongeza sufuria, mablanketi, kitoweo cha barafu, viti viwili vya kukunja, na lile begi ambalo kila bibi anajua lina nini na kila bwana anaogopa kuliuliza. Dawa yake ni moja: pakia trela kama unasafiri kweli, ulipeleke mizani. Waendao Nairobi kwa njia ya barabara wanayaona malori yakipanga foleni pale Mariakani. Marekani nako vituo vya malori vina mizani ambayo mtu yeyote hulipa ada ndogo na kupimiwa.

Breki pia zina sheria zake. Majimbo mengi ya Marekani hudai breki kwenye trela likifika ratili 3,000, ila California hudai mapema zaidi. Uingereza, trela lisilo na breki lisizidi kilo 750. Mimi ningeshauri breki hata pale sheria inaponyamaza. Nusu tani inayokusukuma mgongoni kwenye mteremko haisomi vitabu vya sheria.

MAISHA YA NDANI

Wazee wetu walibaki na mayai mawili, la futi 13 na la futi 16. Futi tatu ni nini? Kwa mtu na mkewe, futi tatu ni mengi. Katika trela dogo kabisa, meza ndiyo kitanda. Kila usiku meza hushushwa, mito hupangwa, shuka hutandikwa, na asubuhi vyote huvunjwa ndipo mtu apate mahali pa kunywea chai. Siku tatu za mwanzo ni mchezo. Siku ya 20 ni ugomvi. Tena kitanda hicho mara nyingi kimepita kutoka ukuta hadi ukuta, kwa hiyo anayelala ndani akitaka kwenda haja usiku humpanda mwenziwe kama anayeruka ua. Bibi alikataa kununua lolote bila ya kulala humo pamoja na mumewe kwa nusu saa nzima pale pale uani kwa muuzaji, viatu vimevuliwa, na muuzaji akazunguka nje akijifanya anatazama tairi.

Jambo la choo lataka kusemwa wazi. Kuna trela lisilo na choo, ambalo humlazimu mtu kutembea gizani hadi vyoo vya kiwanja. Kuna choo cha kubebeka, kikijaa bwana hukichukua kwenda kukimwaga, na kazi hiyo haina heshima lakini haina gharama. Kuna choo kamili chenye tangi lake. Kwa sisi tunaojitahirisha kwa maji, matangi ni kitu cha kuangaliwa mapema. Matrela haya yalichorwa na watu watumiao karatasi, nao walikadiria maji kwa kipimo chao. Ongeza kutawadha mara tano, watu wawili, na tangi la maji safi litaisha huku tangi la maji machafu likifurika. Bibi alipima kwa birika lake: kwa uangalifu, lita moja yatosha kwa udhu mmoja. Mara tano kwa watu wawili ni lita 10 kwa siku, galoni mbili na nusu hivi, kabla ya kupika wala kuosha chombo. Tangi la galoni 12 halifiki siku tano, na hapo ni kwa udhu peke yake bila ya kuhesabu kustanji. Kwa hiyo wakaamua kuchukua madumu mawili ya ziada, yabaki matupu njiani na kujazwa wakifika. Maji hayabebwi kwenye mwendo ila kwa dharura.

Alichukua na mswala wake, akautandaza sakafuni. Katika yai la futi 16 ulienea kwa urefu wa ujia, kwa upana haukuenea. Na Ohio kibla kiko upande wa kaskazini mashariki. Bwana akacheka, akasema sasa kila wakiegesha itabidi kwanza atoe dira.

Kupika ndani wakakubaliana iwe chai na kupasha moto tu. Samaki wa kukaanga hukaa puani na mitoni wiki nzima, na mvuke wa sufuria ukichanganyika na pumzi za watu wawili usiku hugeuka maji kwenye kuta, kisha kuvu. Tundu la paa liachwe wazi kidogo hata kwenye baridi. Na hapa nasema kwa mkazo: jiko la makaa lisiingizwe ndani ya trela kabisa, hata moto wake ukiwa umefifia, hata kama ni kwa ajili ya kuota tu. Hewa yake haina harufu na huua watu usingizini. King'ora cha hewa hiyo ni kitu kidogo cha kutundika ukutani, na trela lisilokuwa nacho lisilaliwe.

Jipya lilikuwa na foleni ya kungoja, kwani mayai hutengenezwa kwa oda, kwa hiyo wakatafuta lililotumika. Walifunzwa kukanyaga sakafu polepole pembeni mwa mlango na chini ya madirisha, panapobonyea pameoza. Walifunzwa kunusa ndani kabla ya mwenyewe kufungua madirisha. Walipiga magoti kutazama fremu, kwa kuwa kule humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi, sisi wa pwani tunajua kazi yake kwenye chuma. Tairi walisoma tarakimu nne za mwisho zilizochapwa ubavuni: mbili za wiki, mbili za mwaka. Tairi iliyoandikwa 2314 ni ya wiki ya 23 ya mwaka 2014, na hata kashata zake zikiwa bado nzima, ni ya kutupwa, maana tairi za trela huzeeka kwa kusimama juani. La kwanza lilikuwa zuri lakini sakafu ilibonyea. La pili bei ilipanda walipofika. La tatu, la futi 16, lenye choo ubavuni na kitanda kinachoweza kubaki kimetandikwa, wakalichukua baada ya bibi kupunguziwa bei ya tairi mbili mpya.

Mizani ilisoma kilo 1,010 likiwa limepakiwa. Safari ya kwanza hawakwenda mbali. Waliegesha usiku mbili katika kiwanja kilicho mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani kwao, na asubuhi ya pili bwana alirudi nyumbani kwa gari kuchukua buli la chai, ambalo lilikuwa limeachwa kwa ajili ya kupunguza uzito.